Namba ya zamani inayoficha utafiti wa pareto

MWANAFUNZI wa kemia kutoka mtaa wa Bondeni, Nakuru, hahitaji kwenda mbali kukiona kiwanda cha pareto. Kazi humlemea anapotaka kusoma waliyoandika wanakemia wa zamani kuhusu zao hilo. Mara nyingi tanbihi humwachia alama tupu, tuseme C.A. 41:2345c, bila jina la jarida.

C.A. ni Chemical Abstracts, chapisho ambalo Chama cha Kemia cha Marekani kilianzisha mnamo 1907 kufupisha makala ya kemia kutoka kote duniani. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, Japani ndiyo iliyoongoza kwa kilimo cha pareto kabla ya Kenya kuipiku, na utafiti mwingi uliandikwa kwa Kijapani au Kijerumani. Ndiposa waandishi walitaja muhtasari wa Kiingereza, ambao wenzao wangeweza kuusoma.

Namba ya kwanza ni ya juzuu. Hadi 1961 ilitolewa juzuu moja kwa mwaka; ukiijumlisha na 1906 unapata mwaka, hivyo 41 ni 1947. Lakini 2345 si namba ya muhtasari, ni ya safu, kwani tangu 1934 kila ukurasa ulikuwa na safu mbili zenye namba zake. Herufi c huonyesha umbali kutoka juu ya ukurasa, kuanzia a hadi i. Kabla ya 1947 kazi hiyo ilifanywa na tarakimu ndogo, 1 hadi 9. Mihtasari miwili mifupi yaweza basi kuwa na anwani moja.

Mnamo 1967, katika juzuu ya 66, kila muhtasari ulianza kupewa namba yake pekee. Herufi ya mwisho ikawa ya kugundua makosa ya kunakili tu. Hapa ndipo wengi hupotea: herufi ni ileile, maana ni nyingine kabisa.

Uchapishaji wa karatasi ulikomeshwa kuanzia Januari 2010. Mihtasari yote imo katika hifadhidata ya SciFinder, ambayo hulipiwa, na si rahisi.

Hata hivyo, muhtasari ni njia tu ya kuifikia makala. Anayeishia kwenye muhtasari wa kazi ya Staudinger na Ružička, iliyochapishwa 1924 katika Helvetica Chimica Acta, hatajua kwamba sehemu ya muundo wa pairethrini waliyoipendekeza ilisahihishwa baadaye na watafiti wengine.