Stempu za Posta na Habari za Biharamulo na Ngara

Nyumba ya makumbusho ya stempu si lazima iwe kubwa. Chumba kimoja na meza chache zenye vioo zatosha, kwa kuwa vitu vinavyowekwa humo havizidi upana wa vidole viwili au vitatu. Lakini wageni wengi huingia, hutazama rangi na picha, husifu kidogo, kisha hutoka bila faida, maana hawakufundishwa kuzisoma. Basi twataka kuwaeleza wasomaji wetu namna ya kusoma stempu. Mfano wetu twautoa katika wilaya za Biharamulo na Ngara, mkoani Kagera, kwa sababu huko serikali tatu zilipokezana nchi kwa muda mfupi, na kila moja ilikuwa na stempu zake.

Stempu ya kwanza ya kubandika ilitolewa Uingereza mwezi wa Mei 1840, kwa shauri la Rowland Hill. Kabla ya hapo mara nyingi aliyepelekewa barua ndiye aliyetozwa nauli, tena kwa kadiri ya umbali. Stempu ni ushuhuda kwamba nauli imekwisha kulipwa. Mwenye kuitazama na atafute mambo matatu: jina la nchi, kima cha fedha, na muhuri wa posta.

Kwanza, jina la nchi. Mwaka 1893 Wadachi walichukua stempu za kwao Ulaya, wakazipiga chapa ya pili yenye kima cha fedha ya huku. Mwaka 1901 wakatoa stempu zenye jina la koloni lao la Afrika ya Mashariki, na picha ya Hohenzollern, meli ya Kaisari wao. Mwezi wa Juni 1916 askari wa Wabelgiji wakaingia Biharamulo. Hao walitumia stempu za Kongo, zilizopigwa chapa ya pili kwa Kifaransa na Kiflemi, maana yake, Afrika ya Mashariki ya Wadachi iliyokaliwa na Wabelgiji. Chini ya maneno hayo zilibaki picha za Kongo, miongoni mwake bandari ya Matadi, karibu na bahari ya magharibi.

Waingereza nao, katika sehemu walizozishika, walianza mwaka 1917 kutumia stempu za Afrika ya Mashariki na Uganda zilizopigwa herufi G.E.A. Mwaka 1919 Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji walipatana juu ya mpaka. Kwa mapatano hayo Bugufi, nchi iliyo katika Ngara ya leo, ambayo Wadachi waliihesabu pamoja na Urundi, ikawa upande wa Tanganyika. Wabelgiji wakaondoka mwaka 1921, na mwaka 1922 zikatoka stempu zenye kichwa cha twiga na jina la Tanganyika. Mkulima wa Bugufi hakuhamisha jembe lake wala mgomba wake, lakini jina la nchi yake juu ya barua lilikuwa limebadilika mara tatu.

Pili, kima cha fedha. Hapa mpenda lugha atafurahi. Stempu za kwanza za Wadachi zilihesabiwa kwa pesa, neno lililotoka Bara Hindi, na pesa 64 zilikuwa rupia moja. Tangu mwaka 1905 rupia ikagawanywa kwa heller 100, na kutoka neno hilo la Kidachi tumepata hela. Stempu za Wabelgiji zilihesabiwa kwa faranga na santimu, na za twiga kwa senti na shilingi. Heller na rupia zimekwisha kuondoka sokoni, lakini hela ingali kinywani mwetu. Na ng'ambo ya mpaka, katika Burundi, Warundi husema amahera, na tena husema amafaranga, yote mawili kwa maana ya fedha. Hivyo serikali mbili zilizopita zimeacha alama zao katika lugha moja.

Tatu, muhuri. Wakati wa vita ile ya kwanza manowari za Waingereza zilifunga pwani, na stempu za Wadachi zikapunguka. Basi mwaka 1916 kiwanda cha kupiga chapa cha misheni, huko Wuga katika Usambara, kikachapa stempu za heller 2½, za heller 7½ na za rupia moja. Lakini meli ilipenya na kuleta stempu nyingine kutoka Ulaya, kwa hiyo zile za Wuga zikafukiwa ardhini zisitekwe. Baada ya vita zilifukuliwa, zikauzwa kwa wakusanyaji. Ni kitu cha ajabu, wala hatuzidharau. Ila nyingi zao hazikubeba barua, hazina mahali wala tarehe.

Na stempu zote tulizozitaja, hata moja haikuandikwa jina la Biharamulo wala la Ngara. Jina la mji hupatikana katika muhuri tu, pamoja na siku, mwezi na mwaka. Tena muhuri huangukia nusu juu ya stempu na nusu juu ya bahasha. Anayekata stempu, au kuilowesha majini ili aibandue, huhifadhi jina la mtawala na kulitupa jina la mji wake.

Siku hizi habari nyingi hupita kwa simu, na barua za wazee zimo katika masanduku zikiliwa na mchwa. Kwa hiyo twawasihi walimu na vijana wa wilaya hizi: mkipata barua ya zamani, iacheni bahasha nzima, mbele na nyuma, kwa maana nyuma huenda kuna mihuri ya posta ilizopitia. Msitie gundi. Iwekeni mahali pakavu, na habari zake ziandikwe katika karatasi nyingine. Barua iliyomo ndani ni siri ya wenyewe. Isisomwe ila kwa idhini yao. Bahasha kumi za namna hiyo, zikipangwa kwa miaka juu ya meza ya shule, zatosha kuanzisha makumbusho.