Punda Anaposimama Njiani: Namna ya Kumfundisha kwa Upole

Watu husema ya kuwa shukrani ya punda ni mateke. Msemo huo ni wa zamani, nao umemletea mnyama huyu fimbo nyingi asizostahili. Katika kisiwa cha Rusinga, ndani ya Ziwa Victoria, punda ndiye apandishaye maji kutoka ziwani hadi nyumbani, ndiye apelekaye mahindi kinuni, na ndiye abebaye magunia njia za mawe ambako gari haliwezi kupita. Siku akikataa kwenda, maji hayafiki, na mzigo huwarudia akina mama na watoto vichwani. Kwa hiyo si jambo dogo kujua kwa nini punda hukataa, na jinsi awezavyo kufundishwa hata akaenda kwa hiari yake.

Pengine msomaji atauliza kwa nini tusieleze habari za farasi, ambaye mafundisho yake yameandikwa sana tangu zamani za Wayunani. Sababu ni mbung'o. Upande wa bara, kusini ya Mbita, liko Bonde la Lambwe, ambalo kwa miaka mingi lilijulikana kwa mbung'o waletao nagana kwa mifugo na malale kwa wanadamu. Farasi akipatwa na nagana huwa mgonjwa sana, na mara nyingi hufa. Punda naye huugua, lakini hustahimili zaidi. Ndiyo maana katika sehemu hizi farasi hakupata makao, na ndugu yake mwenye masikio marefu ndiye aliyeshika kazi. Hata hivyo, mafundisho ya upole yamfaayo farasi humfaa punda pia, ila kwa tofauti moja kubwa, na hiyo yatupasa kuieleza kwanza.

Farasi asili yake ni mnyama wa nyika pana, naye huishi katika kundi. Akishtuka hukimbia. Punda asili yake ni nyingine. Uchunguzi wa vinasaba uliotangazwa mwaka 2022 ulionyesha ya kuwa punda wote wafugwao duniani wametokana na punda mwitu wa Afrika, na ya kwamba walianza kufugwa upande huu wetu wa mashariki yapata miaka 7,000 iliyopita. Punda mwitu wachache wangaliko Eritrea na Ethiopia. Huishi jangwani, penye mawe mengi na majani haba, mmoja mmoja au wachache pamoja. Katika nchi ya namna hiyo akimbiaye ovyo huvunjika mguu, na aliye peke yake hana kundi la kujificha ndani yake. Basi punda akiona jambo asilolifahamu husimama kwanza, hutazama, husikiliza, hunusa, ndipo hukata shauri. Hali hiyo sisi tumeipa jina la ukaidi.

Tuchukue mfano. Asubuhi punda anashuka njia ya ziwani, tuseme upande wa Kaswanga. Nyavu za omena zimetandazwa ufukoni zikauke, na upepo unazitikisa. Punda anasimama, masikio yote mawili yameelekea mbele. Mtoto aliye nyuma yake anampiga. Sasa ana mambo mawili ya kuogopa, nyavu zilizo mbele na fimbo iliyo nyuma. Hajifunzi ya kuwa nyavu hazidhuru. Ajifunzalo ni kwamba mahali pale ndipo panapouma. Kesho atasimama mbali zaidi, na baada ya juma moja watu watasema, "Punda huyu ni mvivu." Wala tusisahau ya kuwa mara nyingine punda ndiye aliye na haki. Penye matete kando ya ziwa huweza kuwako kiboko, na pua ya punda humpata kabla ya jicho la mtu kumwona.

Ingekuwa vizuri zaidi mtoto angelisimama naye. Dakika mbili au tatu zatosha. Amwache atazame, amsogeze hatua moja, asimame tena, amruhusu anuse ule wavu. Punda aliyekwisha kunusa kitu na kuona hakimdhuru hukipita kesho bila kukitazama, maana ana kumbukumbu ndefu sana. Kumbukumbu hiyo hutusaidia tukimtendea wema, nayo hutuadhibu tukimtendea vibaya.

Na yale mateke? Macho ya punda yako kando za kichwa, kwa hiyo huona karibu pande zote, isipokuwa mahali pawili: mbele kabisa chini ya pua yake, na nyuma kabisa penye mkia. Mtu amwendeaye kimya kutoka nyuma hujiweka mahali asipoonekana, na punda hurusha mguu kama vile mtu apigavyo ukelele akishikwa gizani. Basi mwendee kwa upande, karibu na bega, ukisema naye. Usimshike masikio, masikio ndiyo ulimi wake. Yakielekea mbele, kuna jambo analolichunguza. Yakilala nyuma, amekasirika au anaogopa. Akibana mkia na kukaza midomo, yuko karibu kujitetea. Lakini maumivu punda huyaficha sana, kama wafanyavyo wanyama wengi wa porini. Atabeba mzigo siku nyingi hali ana kidonda chini ya matandiko. Mwenye punda asingoje kuambiwa. Na ainue matandiko atazame.

Wanyama wa jamii hii nao hutusoma sisi, tena kwa ustadi wa ajabu. Mwanzoni mwa karne iliyopita kulikuwako farasi mjini Berlin, Ujerumani, jina lake Hans, ambaye bwana wake aliwaonyesha watu kuwa ajua hesabu. Akiulizwa tatu na nne ni ngapi, hupiga ukwato chini mara saba. Mwaka 1904 wataalamu walikutana kumchunguza, wasione hila yoyote. Mwaka 1907 msomi mmoja, Oskar Pfungst, akaitangaza siri yake. Hans hakujua hesabu hata kidogo. Alikuwa akimtazama mwulizaji, ambaye bila kujijua aliinua kichwa kidogo sana jibu lilipofika, na hapo Hans aliacha kupiga. Kwa maoni yetu jambo hilo ni kubwa kuliko hesabu. Mnyama awezaye kuona kichwa kikiinuka kwa upana wa uzi ataona pia bega lililokazwa kwa hasira na mkono unaotetemeka kwa haraka. Amfundishaye punda akiwa amekasirika humfundisha hasira tu. Siku hiyo heri aache, arudi kesho.

Sasa tuje kwenye mafundisho yenyewe. Kazi ya kwanza ni kamba. Mfunge punda kamba ya kichwani iliyo pana na laini, isiyokata ngozi, kisha ivute kidogo tu, na ungoje. Usizidi kuvuta. Punda akivutwa kwa nguvu huvuta kinyume, naye ana nguvu kukupita. Ngoja mpaka asogeze mguu mmoja, au hata auelemeze mwili wake mbele, na papo hapo ulegeze kamba. Katika kulegeza ndimo mlimo na fundisho lote. Mnyama hujifunza kutokana na kitu kilichotokea wakati taabu ilipoondoka: akisogea na kamba ikalegea, atasogea tena. Lakini kulegeza huko kusichelewe. Zikipita nafasi tatu au nne za kupumua, yeye amekwisha kuwaza jambo jingine, naye hajui amesifiwa kwa lipi. Vivyo hivyo kumkuna shingoni au kumpa ganda la ndizi: kufanywe mara moja, si baada ya kufika nyumbani.

Robo saa kwa siku yatosha kwa mwanafunzi mpya. Akishafuata kamba bila kukazwa, mwekee gunia tupu mgongoni, uliondoe, uliweke tena, mpaka asigeuze hata sikio. Kisha mitungi mitupu, maana mlio wa plastiki ikigongana humwogopesha kuliko uzito wake. Halafu maji kidogo. Barabara kuu iwe ya mwisho. Zamani Rusinga ilikuwa kisiwa cha mitumbwi tu, lakini tangu miaka ya 1980 imeunganishwa na Mbita, kwanza kwa tuta na baadaye kwa daraja, na pikipiki hupita hapo mchana kutwa. Punda mgeni asipelekwe peke yake katika ghasia hiyo. Na atangulie punda mzee aliyezoea, mgeni afuate. Atajifunza kwa mwenzake kwa siku moja mambo ambayo mtu angemfundisha kwa mwezi. Punda hufanya urafiki wa wawili wawili, na akitengwa na rafiki yake huhuzunika, wakati mwingine hata huacha kula. Anunuaye mmoja kati ya wawili waliokua pamoja asishangae akiona amenunua mgonjwa.

Ni vema pia nyumba yote itumie maneno yale yale. Baba akisema neno moja la kusimama, mama jingine, na watoto wakapiga mbinja, punda atachanganyikiwa, na fimbo itatumiwa kumlipiza makosa ya watu.

Yako na mambo ambayo upole peke yake hauwezi kuyatengeneza. Mtungi wa lita 20 ukijaa maji una uzito wa kilo 20 na zaidi. Mitungi minne yapita kilo 80. Punda wetu wengi ni wadogo, na wataalamu hushauri mzigo wa mgongoni usizidi theluthi moja ya uzito wa mnyama. Punda wa kilo 130, basi, mzigo wake ni mitungi miwili. Akibebeshwa minne akasimama mlimani, hapo hana la kufundishwa. Wala asibebeshwe mizigo mizito kabla hajafikisha miaka minne, maana mifupa yake haijakomaa. Nira nayo ni ya ng'ombe. Ng'ombe husukuma nira kwa nundu, na punda hana nundu. Yeye huvuta kwa kifua, kwa hiyo wa mkokoteni ahitaji mkanda mpana wa kifuani uliotandikwa kitu laini. Mara nyingi aitwaye mkaidi ni yule ambaye nira imemchubua shingo.

Siku hizi kumpoteza punda mzuri ni hasara kubwa kuliko zamani. Hesabu ya watu na mifugo ya Kenya ya mwaka 2009 ilipata punda zaidi ya 1,800,000. Ile ya mwaka 2019 ilipata kama 1,200,000 tu. Tangu mwaka 2016 yalifunguliwa machinjio ya punda kwa ajili ya ngozi zinazopelekwa China, na wizi ukaenea. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2020, mahakama ikaiondoa marufuku mwaka 2021, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakakubaliana kuizuia biashara hiyo katika bara zima. Mtu aweza kununua punda mwingine akipata fedha, lakini punda aliyekwisha kuzoea sauti ya nyumba yako, ashukaye ziwani na mtoto wa miaka kumi na kurudi salama, huyo hauzwi mnadani.

Jioni, mtungi wa mwisho ukiisha kuteremshwa, mvue matandiko na umpapase mgongo wote kwa kiganja, toka mabegani hata kiunoni. Akijikunja mahali fulani, hapo pana maumivu, na kesho apumzike. Tazama kwato, uondoe mawe madogo. Mpe maji kabla ya majani, kisha mwache ajigaragaze mavumbini karibu na mwenzake.