Je, Wajua? Wavu wa Pikoboli wa Kubeba

Je, wajua kwamba pikoboli ilianza na wavu uliokuwa juu mno? Ilikuwa kiangazi cha 1965, katika kisiwa cha Bainbridge, jimbo la Washington, Marekani. Joel Pritchard na rafiki yake Bill Bell walirudi nyumbani wakakuta familia zao zimekaa tu, hazina la kufanya. Uwanja wa badmintoni ulikuwepo, ila vifaa vyake havikuonekana. Wakachukua vibao vya mpira wa meza na mpira wa plastiki wenye matundu, wakaanza kucheza huku wavu ukiwa pale pale kwenye sentimita 152. Walipoona mpira unadunda vizuri kwenye lami, wakaushusha wavu hadi 91. Baadaye akajiunga nao Barney McCallum, na watatu hao ndio wanaotajwa hadi leo kuwa waasisi wa mchezo huu. Mwaka 2022 jimbo la Washington likautangaza kuwa mchezo wake rasmi.

Je, wajua kwamba wavu wa pikoboli una vimo viwili? Kwenye mistari ya pembeni ni sentimita 91.4, na katikati ni 86.4. Tofauti ni sentimita 5 tu, lakini mchezo mzima umejengwa juu yake. Pikoboli huamuliwa kwa mipira mifupi na laini, inayopita karibu kabisa na ukingo wa wavu na kuangukia ile sehemu ya mita 2.13 ambamo hairuhusiwi kuupiga mpira kabla haujadunda. Anayezoea wavu uliolegea hadi 80 hujifunza mapigo yasiyofaa popote pengine. Siku akisimama mbele ya wavu wa kweli, mipira yake yote inaishia kwenye nyuzi. Kwa hiyo, ukienda kununua wavu wa kubeba, swali la kwanza si bei wala rangi ya mfuko. Uliza hivi: katikati yake itabaki 86.4 kwa muda gani?

Je, wajua kwa nini nyavu za kubeba hulegea? Nguzo za kudumu zimezikwa kwenye zege, hivyo waya unaweza kukazwa mpaka ulie. Wavu wa kubeba hauna ardhi ya kuushikilia. Ukiukaza, unazivuta nguzo mbili zisogeleane kwa juu, na kinachozizuia ni bomba la chini tu, linalolala sakafuni toka nguzo hadi nguzo. Bomba hilo hupinda kama upinde uliovutwa uzi: tumbo linashuka, ncha zinainuka. Ndiyo maana fremu nzuri ina mguu wa katikati, na ndiyo maana unene wa bomba na ubora wa viungo vyake una maana kubwa kuliko kitu kingine chochote kilichoandikwa kwenye boksi. Bomba jembamba la vipande vingi lenye viungo vinavyocheza halitakaza wavu hata uuvute kwa nguvu zako zote. Shika kiungo kwa mikono miwili, kitikise. Kikilia, achana nacho.

Je, wajua kwamba wavu wa kubeba una kanuni zake? Mpira ukigonga bomba la chini au mguu wa katikati kabla haujavuka wavu, ni kosa. Ukiwa umeshavuka na mchezo unaendelea, kisha ukagonga vitu hivyo, pointi hurudiwa. Mguu mpana unaotokeza sana uwanjani basi utawakatizia mchezo kila mara, tena unaweza kumkwaza mtu anayekimbilia mpira mfupi. Chagua mguu uliolala chini na usiochukua nafasi kubwa.

Je, wajua kwamba uwanja mmoja wa tenisi, pamoja na nafasi yake ya kukimbilia, unatosha viwanja vinne vya pikoboli? Eneo la tenisi ni kama mita 36.6 kwa 18.3; pikoboli huhitaji 18.3 kwa 9.1. Ila wavu wa tenisi wenyewe haufai bila kushushwa: katikati ni 91.4, na kwenye nguzo zake ni 107. Nyavu nne za kubeba huwaweka watu 16 mahali ambapo tenisi ingewachezesha wanne.

Na uwanja wa badmintoni? Huo ni pacha: mita 13.4 kwa 6.1, vipimo vilevile. Kwa hiyo ukumbi wowote wa shule au klabu wenye mistari ya badmintoni, uwe Dar es Salaam au Nairobi, una uwanja wa pikoboli tayari, na kinachokosekana ni wavu tu. Mstari mmoja wa kila upande ndio utakaohitaji kusogezwa, ule wa mbele, kwa sentimita 15: badmintoni huuweka mita 1.98 kutoka kwenye wavu, pikoboli 2.13. Bandika utepe, cheza.

Je, wajua kwamba wavu wa voliboli hauwezi kuazimwa? Macho yake yana upana wa sentimita 10, na mpira wa pikoboli una kipenyo cha kama sentimita 7.4. Utapita. Wavu wa badmintoni una macho madogo na kina cha sentimita 76, ambacho ndicho kina cha chini kabisa kinachokubalika katika pikoboli, kwa hiyo ukifungwa kwenye kimo sahihi unafaa kuanzia.

Kwa wakazi wa Pwani, Mombasa hadi Mtwara, nina neno zaidi. Chumvi ya bahari haina huruma na chuma. Kutu huanzia pale rangi ilipokosa kufika au ilipochubuka: kwenye ncha za bomba zilizokatwa, na kwenye matundu ya vifungo vya kubonyeza vinavyoshika vipande vya bomba. Alumini hailiwi na kutu ya namna hiyo na ni nyepesi kubeba, lakini kwa unene uleule hupinda upesi kuliko chuma, na mnajua sasa kupinda kunaleta nini. Kama ni chuma, kifute kwa maji baridi, ukikaushe kabisa, ndipo ukiingize mfukoni. Nyuzi za nailoni nazo hurefuka zikilowa, na jua huzidhoofisha. Polyesta hunywa maji kidogo sana. Wavu uliokazwa asubuhi yenye umande upimwe tena saa nne.

Je, wajua kwamba ziko nyavu nusu? Upana wake ni kama mita 3.3, kwa ajili ya njia ya gari au ua wa nyumba. Ni nzuri kwa watoto na kwa mazoezi ya wawili. Usidanganywe kuwa ni wavu kamili: ulio kamili una urefu usiopungua mita 6.63, na nguzo zake huachana kwa mita 6.7. Zile zenye magurudumu nazo ni imara kuliko zote, lakini ni za klabu yenye stoo. Asiye na gari asizitamani.

Ushauri wangu kwa anayenunua kwa ajili ya mtaa, shule au kanisa ni huu. Nenda na tepu ya kupimia. Mwambie muuzaji aufunge wavu wote mbele yako, aukaze, kisha muuache usimame nusu saa mkizungumza mengine. Halafu pima katikati. Ukisoma 86, lipa. Ukisoma 82, mshukuru na uende duka lingine.