Mfumo wa kusaidia maamuzi ya kitabibu

Mfumo wa kusaidia maamuzi ya kitabibu ni programu ya kompyuta inayolinganisha taarifa za mgonjwa na kanuni za tiba, kisha kumpa mhudumu wa afya ushauri, kumbusho au onyo. Uamuzi wenyewe hubaki kwa mhudumu. Mifumo mingine humlenga mgonjwa: humkumbusha dawa na kumuuliza hali yake akiwa nyumbani.

Historia

Katika miaka ya 1970 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitengeneza MYCIN, programu iliyopendekeza antibiotiki kwa wagonjwa wenye maambukizi makali ya bakteria. Ilitumia kanuni mia kadhaa za aina ya "kama hivi, basi vile". Ilifanya vizuri ilipopimwa, lakini haikuwahi kuingia katika matibabu ya kila siku. Ilisimama peke yake, na daktari alilazimika kujibu maswali mengi kwa kuandika. Tangu hapo mifumo mingi imeunganishwa na rekodi za wagonjwa.

OpenMRS, programu huria ya rekodi hizo, ilianza mwaka 2004 na ilitumika mapema mjini Eldoret, Kenya. Katika kliniki za VVU za huko, kompyuta ilichapisha muhtasari wa mgonjwa wenye kumbusho pale kipimo cha CD4 kilipochelewa. Utafiti uliotolewa mwaka 2011 ulionyesha kuwa vipimo vilivyochelewa viliagizwa zaidi katika kliniki yenye makumbusho kuliko katika kliniki ya kulinganishia.

Muundo

Mfumo uliosambazwa hufanya kazi kwenye mashine nyingi: kompyuta za vituo, seva kuu na simu. Kwa kuwa umeme na intaneti hukatika, kila kituo hutunza nakala ya data zake na kuendelea na kazi, kisha nakala husawazishwa mtandao unaporudi.

Hapo ndipo hatari ilipo. Mgonjwa akibadilishiwa dawa katika kituo kimoja na taarifa ikachelewa, kituo kingine kinaweza kupata ushauri usiofaa. Kwa hiyo kila taarifa huwekewa muda na mahali ilipoandikwa, na kila mgonjwa hupewa namba ya pekee, maana majina hufanana. Kanuni za tiba hutunzwa kando ya programu ili zibadilishwe mwongozo wa tiba unapobadilika.

Mawasiliano na mgonjwa

Katika jaribio la WelTel nchini Kenya, wagonjwa walioanza dawa za kupunguza makali ya VVU walitumiwa SMS kila wiki, kwa kawaida neno moja: "Mambo?" Walitakiwa kujibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48. Aliyejibu "Shida" au aliyekaa kimya alipigiwa simu na mhudumu. Ujumbe haukutaja ugonjwa, hivyo aliyeuona kwenye simu hakujua siri ya mwenyewe. Kati ya washiriki 538, waliotumia dawa ipasavyo walikuwa 62% katika kundi la SMS na 50% katika kundi lingine. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010.

Changamoto

Maonyo yakizidi, wahudumu huyazoea na kuyapuuza, hata lile la maana. Data zisizo sahihi huzaa ushauri usio sahihi. Tena, SMS huhitaji mtu wa kuifuatilia: "Shida" isiyojibiwa haimsaidii mgonjwa.