Mtoto Aliyeumia Tumboni Ana Dai Lake

Swali hili nimeulizwa mara nyingi mno, na kila mara huja likiwa limekwisha kupotoshwa na mtu mwingine: “Wakili, mtoto hakuwa amezaliwa siku ya ajali, si ndiyo kusema hana haki?” Anayeuliza ni mama mwenye mtoto wa miaka miwili asiyeweza kukaa. Aliyempotosha ni ofisa wa bima, au shemeji anayejifanya mjuzi wa sheria, au kishoka wa wodini anayetaka mama asaini upesi ili naye apate chake.

Ana haki. Na ninaomba tulimalize jambo hili leo, kwa sababu kuna watoto wanaokosa fidia kutokana na sentensi hiyo moja.

Wanaoisema huichukua kwenye sheria ya jinai. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inasema mtoto huwa mtu anayeweza kuuawa pale anapokuwa ametoka kamili mwilini mwa mama yake akiwa hai. Kwa hiyo dereva aliyesababisha mimba kutoka hashtakiwi kwa kumuua mtoto. Ni kweli. Lakini hilo ni suala la kumfunga mtu jela. Kesi ya madai huuliza mambo mengine: nani amedhurika, na kwa uzembe wa nani? Mtoto aliyezaliwa hai na ubongo ulioharibika yupo mbele ya hakimu, anaonekana, na ndiye atakayebebwa mgongoni maisha yake yote.

Mawakili wa bima wana hoja ya zamani, na ni haki niitaje. Mwaka 1884, mahakama ya juu ya Massachusetts, Marekani, ilikataa dai lililotokana na mjamzito aliyeteleza kwenye barabara mbovu. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati na kufariki baada ya dakika chache. Jaji Oliver Wendell Holmes alisema mtoto alikuwa bado sehemu ya mwili wa mama. Hoja hiyo ilitamba miaka mingi, kisha ikaporomoka. Mwaka 1933, Mahakama ya Juu ya Canada ilimpa fidia mtoto aliyezaliwa na miguu iliyopinda baada ya mama yake kuanguka akishuka kwenye tramu mjini Montreal. Massachusetts yenyewe iliuacha msimamo wa Holmes mwaka 1967. Mahakama ya Victoria, Australia, ilifuata mwaka 1972 katika kesi ya magari kugongana, na Mahakama ya Rufani ya Uingereza mwaka 1992. Hukumu hizo hazizifungi mahakama zetu, lakini zina nguvu ya kushawishi, na mantiki yake ni nyepesi: dereva anajua barabarani kuna wajawazito. Anayetengeneza maziwa ya kopo yenye sumu hawezi kujitetea kwamba mtoto aliyeyanywa hakuwa amezaliwa siku kopo lilipofungwa.

Wala hatuna haja ya kwenda Canada kulielewa hili. Muulize kadhi yeyote kuanzia Tanga hadi Lindi. Baba akifa huku mkewe ana mimba, fungu la aliye tumboni huwekwa kando. Akizaliwa hai, analichukua. Watu haohao wanaolikubali hilo kwenye mirathi ndio wanaoniambia kwamba kwenye ajali mtoto hakuwapo.

Sharti ni lilelile: azaliwe hai. Mimba ikitoka, au mtoto akizaliwa mfu, dai linabaki la mama kwa mwili wake, maumivu yake na gharama zake. Ni dai halali, lisidharauliwe.

Kesi hizi kwa kawaida hushindwa kwenye ushahidi. Afrika Kusini mwaka 1963 mahakama ilikubali kabisa kwamba mtoto anaweza kudai, kisha ikalitupa dai kwa sababu haikuthibitika kwamba ajali ndiyo iliyouharibu ubongo wake. Mtindio wa ubongo una sababu nyingi: kuzaliwa njiti, kukosa hewa wakati wa uchungu, manjano makali, maambukizi. Wakili wa bima atazitaja zote. Na kondo la nyuma linaweza kubanduka bila mama kuwa na hata mchubuko, ndiyo maana kauli ya “sijaumia, nirudi nyumbani” ni hatari kwa mtoto na kwa kesi pia. Kumpeleka mama akakandwe tumbo eti mimba imegeuka ni hatari zaidi. Acheni.

Sasa ya kufanya. Nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama huna maumivu, useme una mimba na umepata ajali, na uhakikishe yote mawili yameandikwa. PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, ichukuliwe polisi, lakini matibabu ya dharura yasiisubiri. Tunza kadi ya kliniki, majibu ya ultrasaundi, kumbukumbu za kujifungua na cheti cha kuzaliwa. Andika namba ya gari. Bima yake huhakikiwa kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya usimamizi wa bima, na hata bima ndogo inamhusu mtu wa tatu. Dai la mama lina ukomo wa miaka 3. La mtoto sheria humsubiri akue, ila mashahidi hawasubiri, kwa hiyo lifunguliwe mapema, mzazi akisimama kama rafiki wa karibu. Kesi ikishafunguliwa, mzazi hawezi kukubaliana kiasi kwa niaba ya mtoto bila idhini ya mahakama. Tafuta daktari bingwa wa watoto atakayeandika, kwa sababu zake, kwa nini ni ajali na si jambo jingine. Na ukiletewa hati ya kumaliza madai, usiisaini kabla mtoto hajazaliwa na kupimwa; ukishazaa, isomwe kwanza na wakili wako, siyo wa kampuni.