Maziwa hayaoshi mapafu

Saa kumi na moja jioni, pembeni ya barabara kuu jijini Dar es Salaam, fundi wa kuchomelea mageti anazima mashine, anakung'uta unga wa chuma kwenye suruali, kisha anavuka hadi duka la jirani kununua pakiti ya maziwa. Si njaa. Anataka "kuosha kifua". Mpaka rangi hufanya hivyohivyo, na mpakia saruji, na msaga nafaka, na hata kondakta aliyeshinda mlangoni mwa daladala akipulizwa na moshi wa dizeli. Wapo waajiri wanaoyagawa maziwa hayo kama sehemu ya masharti ya kazi. Wala imani hii si ya huku kwetu tu: Urusi imeiweka kwenye sheria yake ya kazi, kwamba wanaofanya kazi katika mazingira yenye madhara wapewe maziwa.

Kila hewa ya mijini inapozungumzwa, swali la maziwa hurudi. Jibu lake ni fupi. Maziwa hupita kwenye umio kwenda tumboni. Vumbi limeshapita kwenye bomba la hewa kwenda mapafuni. Njia hizo zinaachana shingoni na hazikutani tena. Yakitokea maziwa yakakosea njia, mtu haoshwi kifua. Anapaliwa.

Lakini kosa la maziwa ni dogo mbele ya lile lililo nyuma yake, yaani kudhani kwamba madhara ya hewa chafu hubaki kifuani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya nje ilisababisha vifo vya mapema milioni 4.2 mwaka 2019. Ukivigawa vifo hivyo kwa ugonjwa, asilimia 68 ni maradhi ya moyo na kiharusi. Saratani ya mapafu, ambayo ndiyo kila mtu huiogopa, ni asilimia 4. Mzee anayeanguka ghafla nyumbani kwake, kando ya barabara yenye foleni mchana kutwa, husemwa amekufa kwa presha, na hakuna anayeutaja moshi.

Moshi unafikaje kwenye moyo? Hapo ndipo penye kisa chenyewe.

Mapafu yana ufagio wake. Vumbi kubwa hunaswa puani na kwenye ute wa njia ya hewa, na vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa macho huusukuma ute huo juu, polepole, mpaka kooni, mtu akautema au akaumeza bila kujua. Ule weusi unaoachwa kwenye leso baada ya kushinda Kariakoo ni kazi ya ufagio huo. Watu hushtuka wakiuona. Wasishtuke sana, maana uchafu ulioishia kwenye leso haukuingia ndani.

Unaoingia ndani hauonekani. Chembe zinazopimwa na wataalamu zina upana usiozidi mikromita 2.5, kiasi kwamba zinahitajika kama thelathini zikipangwa mstari kulingana na upana wa unywele mmoja. Udogo huo ndio hatari yake. Hewa inapokata kona, chembe kubwa hushindwa kukunja na kugonga ukuta, ila hizi hukunja nayo mpaka mwisho wa njia, kwenye vifuko vya hewa ambavyo ukuta wake ni mwembamba kupita karatasi. Kule hakuna vinyweleo wala ute wa kuzisukuma nje. Kuna seli walaji, kazi yao kumeza kila kigeni. Humeza bakteria na kumsaga. Hujaribu kumeza masizi na punje za metali, zisisagike, basi hupiga kelele. Kelele hizo ni kemikali za kuita msaada, na kwa kuwa damu iko jirani kabisa, ng'ambo ya ukuta huo mwembamba, wito unamwagika mwilini kote. Ini huongeza protini za kugandisha damu. Chembe sahani, zile zinazoziba jeraha, huanza kunata ilhali jeraha lenyewe halipo. Kuta za mishipa hukaza. Mwenye mafuta yaliyojijenga ndani ya mshipa wa moyo yuko kwenye hatari ya utando unaoyafunika kupasuka, na damu iliyokwisha kuwa tayari kuganda ikaganda papo hapo. Hilo ndilo shambulio la moyo.

Na baadhi ya chembe, zile ndogo kuliko zote, hazingoji kelele hizo. Zinavuka zenyewe. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh waliwavutisha watu wa kujitolea punje za dhahabu ndogo kama zile za moshi wa dizeli. Walichagua dhahabu kwa kuwa haina madhara na ni rahisi kuitambua mwilini, tofauti na masizi. Kwa baadhi yao dhahabu ilionekana kwenye damu ndani ya dakika 15, na miezi mitatu baadaye bado ilikuwamo. Kwa wagonjwa waliokuwa wakisubiri kupasuliwa mshipa wa shingo ulioziba, ilikutwa imejikusanya palepale penye ugonjwa. Miaka miwili baadaye, watafiti wa Ubelgiji walikuta chembe za masizi kwenye kondo la nyuma, upande wa mtoto.

Kuna wanaosema mwili wa mtu wa mjini umeshazoea. Beijing ilitoa jibu bila kukusudia. Kwa ajili ya Olimpiki ya 2008, serikali ya China ilisimamisha viwanda na kupunguza magari barabarani. Watafiti walikuwa wakipima damu ya madaktari vijana 125 wenye afya nzuri, wakazi wa jiji hilohilo. Hewa iliposafika, dalili za damu kutaka kuganda zilipungua. Michezo ikaisha, magari yakarudi, na dalili zikapanda tena. Hao ndio waliozoea.

Afrika Mashariki haijakaa kimya. Tangu Januari 2015 nchi za ukanda huu zilikubaliana kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, kutoka viwango vilivyokuwa juu mara kumi na zaidi. Chuo Kikuu cha Makerere, kupitia mradi wa AirQo, kimetengeneza vipimo vya bei nafuu, vingine vikafungwa kwenye bodaboda ili zipime hewa ya Kampala zikiwa njiani. Ila dizeli safi ndani ya injini chakavu hutoa moshi bado, na jalala la Dandora jijini Nairobi, linalotumika tangu 1975, linaendelea kufuka. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kikomo cha chembe zile za mikromita 2.5 hadi mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka. Asilimia 99 ya binadamu wanavuta hewa inayokiuka vikomo vya shirika hilo.

Katikati ya haya ndipo anapojitokeza muuza chupa. Ana unga wa majani, ana chai ya "kutoa sumu", ana ushuhuda wa mteja aliyekohoa makohozi meusi kwa siku saba. Makohozi meusi, kama ilivyoelezwa, ni ufagio wa mwili ukifanya kazi ambayo ungeifanya bure. Hakuna kinywaji kinachofika kwenye vifuko vya hewa, na nyungu nayo hulainisha pua tu, haizoi masizi. Mwenye pumu anayeacha dawa yake ya kuvuta akafuata chupa hizo anaweza kulipa kwa uhai wake.

Kinachosaidia ni kuvuta uchafu kidogo. Usichome taka uani. Jiko la mkaa liwe nje, au penye dirisha wazi. Mchakamchaka ufanyike mtaa wa ndani, mbali na barabara kuu, hasa saa za foleni. Barakoa ya kitambaa haizuii chembe hizi. Yenye chujio la N95 huzuia, mradi ibane uso. Mwenye maumivu ya kifua yanayosambaa mkononi akimbizwe hospitali, asipewe chochote cha kuosha.

Fundi wa mageti naye ahamishie kazi mahali penye upepo, asimame pembeni ili moshi usimpande usoni, na pesa ya maziwa ya siku chache ainunulie barakoa yenye chujio. Kisha maziwa aendelee kuyanywa. Ni chakula kizuri.