Hesabu ya Mashamba ya Karanga

Kibaigwa, katika wilaya ya Kongwa, pana soko kubwa la nafaka, na watu wa huko wamezoea kuhesabu magunia ya mahindi kwa maelfu. Lakini wilaya hiyo ilipata kuletewa hesabu kubwa kuliko ya magunia, nayo yastahili kuchunguzwa: eka 3,210,000.

Baada ya vita kuu ya pili mafuta ya kula yalikuwa haba Uingereza. Basi mwaka 1946 Serikali ya huko ilimtuma Bwana John Wakefield na wenzake wawili waje kutafuta nchi ifaayo kulimwa karanga kwa mitambo. Wakashauri yafanywe mashamba 107, kila shamba eka 30,000: Tanganyika 80, Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, 17, na Kenya 10. Zidisha 107 kwa 30,000, utaipata hesabu yetu.

Sasa tuipasue. 30,000 haina ukaidi. Hugawanyika kwa 2, kwa 3, kwa 5, na kwa nyingine nyingi. Lakini 107 je? Kwa 2 haikubali, maana huishia 7, nayo ni witiri. Kwa 3, jumlisha tarakimu zake: 1 na 0 na 7 ni 8, na 8 haigawanyiki kwa 3. Kwa 5 haikubali, kwa kuwa haiishii 0 wala 5. Kwa 7 hubaki 2. Hapo twaweza kukoma, wala hatuna haja ya kujaribu 11, kwa sababu 11 mara 11 ni 121, nayo imekwisha kuipita 107. Kama ingekuwako hesabu kubwa ya kuigawa, ingekuwa na mwenzake mdogo, nasi tungalikwisha kumwona. Hesabu ya namna hii huitwa namba tasa: haigawanyiki sawasawa ila kwa 1 na kwa yenyewe.

Basi 3,210,000 ni 2 × 2 × 2 × 2 × 3 × 5 × 5 × 5 × 5 × 107, wala hapana namba tasa nyingine ziwezazo kuijenga. Kutoka hapo twajua idadi ya vigawo vyake pasipo kuviandika. Kigawo chaweza kuchukua zile 2 kwa njia tano: asichukue hata moja, au moja, au mbili, au tatu, au zote nne. Zile 5 vivyo hivyo kwa njia tano. 3 kwa njia mbili, na 107 kwa njia mbili. Zidisha 5 × 5 × 2 × 2: vigawo ni 100 kamili. Ni hesabu nzuri kweli, kwenye karatasi.

Mwaka 1947 kazi ilianza Kongwa. Iliazimiwa kulimwa eka 150,000 mwaka ule, yaani mashamba matano. Mibuyu na mizizi ya vichaka iliharibu matrekta, mvua haikutosha, na udongo ulipokauka ukawa mgumu kama matofali. Zikapandwa eka 7,500 hivi, ndiyo robo ya shamba moja. Gawanya 3,210,000 kwa 7,500: hakibaki kitu, na jibu ni 428, yaani 107 mara 4. Kwa mwendo huo wa mwaka wa kwanza, mashamba yote yangalimalizika kwa miaka 428. Serikali ya Uingereza haikungoja. Mwaka 1951 iliuacha mpango huo, na hasara yake ilikuwa kiasi cha pauni milioni 36.